Gari la spoti la zamani lisikimbizwe siku ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofufua magari ya spoti ya miaka ya 1960 na 1970. Rangi ikishang'aa na injini ikikubali kuwaka, mwenye gari hutaka kulikimbiza siku hiyo hiyo. Hapo ndipo kazi ya miezi mingi huharibika. Safari ya kwanza ni ya ukaguzi: kilomita kumi hivi, barabara tulivu, bila abiria, kizima moto kikiwa karibu na dereva.

Kamshafti mpya (mhimili unaofungua vali za injini) ya tapeti bapa, yaani yenye visukuma vali vya uso bapa, ndiyo inayouawa mapema kuliko vyote. Injini ikishawaka, isiachwe ikinguruma taratibu, kwa kuwa kamshafti hulainishwa na oili inayorushwa na kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na kwa mwendo huo kranki hairushi ya kutosha. Ipandishwe hadi kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika na ishikiliwe hapo dakika 20, kwa oili yenye zinki ya kutosha. Ukipuuza hilo, nundu za kamshafti husagika na chembe za chuma husambaa injini nzima.

Injini ikiwa bado inanguruma, mulika tochi kwenye hozi za petroli. Ethanoli iliyomo katika petroli nyingi za leo huozesha mpira wa zamani, na kwenye MGB, gari la spoti la Kiingereza, kabureta (vichanganyio vya petroli na hewa) zimekaa juu ya ekzosi. Tone moja linatosha kuteketeza gari. Kisha soma ubavu wa tairi: 3214 maana yake limetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2014. Tairi lililopita miaka 10 litolewe hata kama halijalika.

Mengi ya magari haya hayana kisaidizi cha breki (kifaa kinachoongezea nguvu mkanyago wa mguu), kwa hiyo mguu ukanyage kwa nguvu na mapema. Pedali ikibonyea kama sifongo, kuna hewa kwenye mabomba, usitoke. Pedi mpya zizoeshwe kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 15 kwa saa, mara kumi hivi, ukiziacha zipoe kila baada ya mkanyago. Gari likivuta upande mmoja, mara nyingi breki za ngoma hazikurekebishwa sawa au mafuta ya breki yamevujia viatu vya breki.

MGB za mwanzo na Jaguar E-Type ya lita 3.8 hazina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mizunguko ya gia kabla hazijaingiana) kwenye gia ya kwanza. Ingiza namba moja gari likiwa limesimama kabisa, la sivyo utasaga meno. Kwa Porsche 911, maliza kupunguza mwendo kabla ya kona. Ukiachia pedali ya mafuta ghafla katikati yake, sehemu ya nyuma yenye injini hutupwa nje.

Nasisitiza zaidi magurudumu ya spoku yenye nati moja kubwa ya katikati. Nyuzi za nati (mikato ya skrubu) za upande wa kushoto na wa kulia hukatwa kinyume ili mwendo wenyewe uzikaze. Habu (vitovu vinavyoshika magurudumu) zikibadilishwa pande wakati wa kuunganisha, gari linapotembea nati hujifungua, na gurudumu huchomoka. Hakikisheni pande kabla ya kutoka, kisha kazeni tena mkirudi na mara nyingine baada ya kilomita 50.

Fundi wa magari ya zamani