Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kambi ya Wachina na Uamuzi wa Agosti

Ndugu wanachama wa chama chetu cha historia,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Kamati ilikutana mara 6, tulifyeka makaburi mara 2, tulipokea wanafunzi wa shule 3, na mwezi wa Aprili tulikwenda Bendigo, hapa hapa jimboni Victoria, Australia, kuona Golden Dragon Museum, makumbusho ya historia ya Wachina, na lile hekalu lao jekundu la Emu Point. Hesabu atazisoma mweka hazina.

La ada nalisema mwenyewe. Daftari lina majina 64, waliolipa ni 27. Kwa dola 25 kila mmoja, tunadaiana dola 925, na kabati la vioo mnaloniuliza kila siku lingekwisha kununuliwa. Mkutano wa Agosti ulitangazwa wiki 4 kabla. Akidi ni watu 15, tukafika 9. Tulisubiri saa nzima hadi chai ikapoa. Ndipo kamati ikaamua, kama katiba inavyoiruhusu, kusimamisha uchimbaji wa Jumapili kwenye kambi ya Wachina kando ya kijito, walikoishi wachimba dhahabu wa karne ya 19, na kutoliweka kwenye maonyesho sanduku la vitu vilivyofukuliwa huko, tulilopewa mwezi wa Juni.

Tangu siku hiyo naambiwa nimeua kitu pekee kilichokuwa kikiwaleta watu. Nimeambiwa pia nimemdhalilisha aliyetupatia sanduku. Naomba mnisikilize.

Kwanza sheria. Sheria ya Urithi ya Victoria ya 2017 inalinda mabaki ya akiolojia yaliyopita miaka 75, hata kama eneo lenyewe halijaorodheshwa. Kuchimba bila kibali ni kosa, na jina la kwanza litakaloitwa ni la mwenyekiti. Lakini hata sheria isingekuwepo, ningeamua vilevile.

Sanduku lile nililiosha mwenyewe, usiku kumi na mmoja, kwa mswaki na maji ya vuguvugu. Lina vipande 212: mabakuli ya kijani mpauko, mitungi ya kahawia ya sosi ya soya na ya tangawizi, vichwa vya viko vya afyuni, sarafu za shaba zenye tundu la mraba. Usiku wa saba nilishika kitako cha bakuli kilichotoboleshwa vidoti vidogo kwa ncha ya chuma, kimoja kimoja, mpaka vikafanya herufi. Mwenye bakuli alitia alama yake ili lisichanganyike na ya wenzake. Kidole changu kilipita palipopita mkono wake. Nikampigia aliyetuletea, nikamuuliza lilitoka wapi. Akajibu, "Huko huko kijitoni."

Basi. Hatutajua kama lilikuwa kwenye kibanda, dukani, au kando ya lile tanuri la mawe la kuchomea nguruwe, mahali watu walipokula pamoja siku za sikukuu. Hatutajua lililala na chupa za Kiingereza au na kitu cha mtoto, ambacho kingetuonyesha kwamba palikuwa na familia. Sikumlaumu mtu. Nasema tu kwamba aliyelifukua alibakiwa na bakuli, na habari zake zikapotea.

Na habari za watu wale tunazihitaji, kwa sababu wengi walioandika juu yao hawakuwapenda. Walitoka Guangdong. Mwaka 1855 Victoria iliwatoza pauni 10 kila kichwa kwa kushuka pwani yake, wakalazimika kushukia Robe, Australia Kusini, na kutembea zaidi ya kilomita 400 hadi kwenye machimbo ya dhahabu, mizigo ikining'inia kwenye mti begani. Mwaka 1857, kwenye machimbo ya Buckland River, walifukuzwa na vibanda vyao vikachomwa. Baadhi ya hayo ardhi peke yake ndiyo iliyoyatunza.

Mimi nimekulia Malindi. Kule Gedi kuna magofu ya nyumba inayoitwa Nyumba ya Sarafu za Kichina, kwa sababu wachimbaji waliandika sarafu zilionekana kwenye nyumba ipi. Sarafu hizo zingetiwa mfukoni Jumapili moja, nyumba isingekuwa na jina.

Kuhusu viko: ni kweli nilikataa vipangwe mbele na mabakuli nyuma. Afyuni ilikuwa halali Victoria hadi 1905, na serikali ya koloni ilichukua ushuru wake. Kumwonyesha mkulima wa mboga wa Kichina kwa kiko chake na kuficha bakuli lake la wali ni kumsingizia marehemu. Hapo sirudi nyuma.

Bado vitu mlivyochimba vimo majumbani mwenu. Nimerudishiwa vya watu 4 tu, nawashukuru. Wengine leteni, hata kwenye mfuko wa plastiki, na mniambie mnachokumbuka: mti gani, ukingo upi, kina gani. Nitaandika mimi.

Kwa mwaka ujao tunatumaini kupata mtaalamu wa chuo kikuu atuongoze kuchora ramani ya kambi bila kuchimba, na kabati, Mungu akijalia na ada zikiingia. Tarehe nitawatangazia.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti