Rangi ya Karatasi ya Kwanza na ya Elfu Tano

Leipzig, Ujerumani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku sijambo, baridi imeanza kulegea. Swali lenu nimelipata. Mnataka kujua kwa nini jalada la kijitabu cha mazishi mlilolichapa hapo Nakuru lilitoka na wekundu asubuhi na likawa la kijivujivu jioni, ilhali pleti (mabamba ya kuchapia) ni zile zile na karatasi ni ile ile. Nitajibu kwa urefu. Familia inayosafiri kutoka Kakamega hadi Nakuru ili kuchapisha picha ya mwisho ya mzazi wao haifai kukabidhiwa uso usio wake.

Anza na aina ya mashine yenu. GTO ya rangi mbili, ile mashine ndogo ya Heidelberg, hupiga wino mbili tu kati ya nne za picha kila karatasi inapopita, kwa hiyo haikuonyeshi picha kamili mpaka karatasi ipite mara ya pili. Fundi wa mashine ya rangi nne huona kosa kwenye karatasi ya ishirini na kulirekebisha papo hapo. Shemeji akimaliza mpito wa kwanza na sayani (wino wa buluu) nyingi kupita kiasi, tayari ana karatasi elfu tano zisizorekebishika, na jicho halikumwonya kwa sababu hakukuwa na uso wa kutazama. Ndiyo maana nyinyi mnahitaji vipimo kuliko hata kiwanda kikubwa. Kama kuna pesa ya kununua kifaa kimoja tu mwaka huu, nunueni densitometa (kifaa cha kupima ukolezi wa wino), hata iliyotumika, mradi ije na kibao chake cha kuipimia usahihi.

Kila kazi iwe na ukanda wa vipimo ukingoni, upana wa karatasi nzima: miraba ya wino kamili ya kila rangi, ya asilimia 50, na ya kijivu. Msiukate kabla mipito yote haijaisha. Kwenye art paper (karatasi iliyopakwa) anzeni na usomaji wa densitometa wa nyeusi 1.75, sayani na majenta (wekundu wa waridi) 1.45, njano 1.35, wino ukiwa mbichi na thamani ya karatasi ikiwa imeondolewa. Kwenye bond shukeni hadi karibu 1.2 kwa nyeusi na 1.0 kwa hizo nyingine, kwa maana karatasi isiyopakwa hunyonya wino, na ukilazimisha 1.45 utapata matope. Njano ina mtego wake. Densitometa zilizowekwa kichujio cha Status T husoma njano karibu 1.0 pale ambapo Status E husoma 1.35 au 1.4. Angalieni kifaa kimewekwa kipi kabla ya kufungua skrubu zinazotoa wino, la sivyo mtaijaza njano bila sababu.

Pimeni kila eneo la skrubu, kutoka kushoto hadi kulia. Tofauti ya 0.05 ivumilieni, 0.10 rekebisheni. Tena pimeni mapema, kwa kuwa wino ukikauka kipimo hushuka kwa 0.05 hadi 0.10, na kwenye bond hushuka zaidi. Kwa hiyo ukilinganisha karatasi iliyotoka sasa hivi na ile mteja aliyoidhinisha jana, utadhani umezidisha wino, utaupunguza, na kesho kazi yote itakuwa imepauka.

Kuhusu mpangilio wa rangi, kwa picha za watu ningeweka nyeusi na sayani mpito wa kwanza, majenta na njano wa pili. Ngozi yetu hubebwa na majenta na njano, kwa hiyo mpito wa mwisho unakuachia nafasi ya kuitengeneza mbele ya prufu (sampuli ya rangi inayotakiwa). Mkishachagua mpangilio, msiubadilishe kazi kwa kazi. Wino unaotua juu ya wino mbichi haushiki sawa na unaotua juu ya uliokauka, na hapo nyekundu, kijani na buluu, zinazotokana na wino mbili kulaliana, zote hubadilika hata kama kila rangi pekee inapima vizuri. Wala msiuache mpito wa kwanza ukae siku nyingi, hasa mkiwa mmetia dawa ya kukausha kwa wingi. Uso wake unakuwa mgumu kama kioo na wino wa pili unakataa kushika. Kati ya mipito funikeni rundo kwa nailoni. Karatasi hutanuka na kunywea kwa unyevu, na rangi zisipokutana barabara, ngozi huonekana chafu na macho huwa na kivuli.

Sasa ngozi yenyewe, maana hapa ndipo mafunzo mengi yaliyoandikwa kwa nyuso za Wazungu yanatupotosha. Kwa uso wa kahawia iliyokoza, pale penye mwanga wa wastani, tafuteni kwa asilimia sayani 45, majenta 65, njano 75, nyeusi 35 au karibu na hapo. Njano iwe sawa na majenta au izidi kidogo. Majenta ikiipita njano, uso unakuwa kama uliochomwa na jua. Sayani ikiikaribia majenta, uso unakuwa wa majivu, na hicho ndicho mlichokiona jioni. Kwenye kivuli cha shingo na nywele msizidishe jumla ya asilimia 300 kwa wino zote nne, ili wino usitie doa nyuma ya karatasi inayofuata.

Mwambieni anayewatengenezea faili atumie nyeusi zaidi na sayani kidogo kwenye kahawia hiyo. Programu za picha zina mpangilio huo wa kubadilisha kijivu cha rangi tatu kiwe wino mweusi. Kiwango cha kati kinatosha. Kahawia iliyojengwa kwa sayani, majenta na njano hugeuka sura kila rangi moja inapoyumba, lakini ile inayobebwa na nyeusi ikiyumba, uso hukolea au hufifia kidogo tu, haubadiliki kuwa mwekundu wala wa kijani. Kwa mashine ya rangi mbili huo ni ulinzi mkubwa.

Kwa nini basi rangi huhama kati ya asubuhi na jioni? Mashine ikipata moto, wino hulegea, nukta ndogo zinazounda picha huvimba, na picha hukolea hata kama mraba wa wino kamili haujabadilika. Ndiyo sababu ya kupima na mraba wa asilimia 50. Kwenye art paper mraba huo ukivimba kufika 66 mko kwenye kiwango cha kimataifa cha uchapaji, ISO 12647-2 cha mwaka 2013. Ukifika 75, tazameni msukumo wa blanketi (mpira unaopokea picha kutoka kwenye pleti na kuipiga kwenye karatasi) kabla ya kulaumu wino. Kubana pleti na blanketi kwa takriban milimita 0.1 kunatosha. Pia wino ukipungua kisandukuni hushuka polepole bila mtu kugundua, kwa hiyo uongezeni kidogo kidogo na kuukoroga. Chukueni karatasi moja kila baada ya 250, iwekeni kando ya ile iliyotiwa sahihi na mteja, na muandike namba nyuma yake.

Halafu maji yanayolowesha pleti. Visima vya Bonde la Ufa vina bikaboneti nyingi, nayo hupambana na asidi ya dawa ya fauntini mnayoyatilia. Mnaweka kipimo kilichoandikwa kwenye mtungi na bado pH inabaki juu. Inatakiwa iwe kati ya 4.8 na 5.3. Pimeni upitishaji umeme wa maji matupu kwanza, kisha baada ya dawa, muandike vyote viwili. Na mkitia spiriti ya isopropili, jueni kwamba inashusha usomaji huo, basi linganisheni siku zote katika hali moja. Usomaji ukipanda kwa mikrosimens 500 hadi 1,000 juu ya ule wa maji mapya yenye dawa, mwageni. Maji yakizidi, wino hulowa na rangi hupauka, fundi anafungua wino, maji yanaongezwa tena kuzuia uchafu, na kazi inaharibikia hapo. Kanuni ni maji machache kadiri pleti inavyobaki safi.

Mwanga wa chumba chenu unanitia wasiwasi. Yale mabati ya plastiki ya kijani yanayopitisha mwanga yanageuza kila kitu, na saa kumi na moja jioni jua la Nakuru ni la manjano. Fungeni sehemu moja ya kukagulia, ukuta wake mpakeni kijivu kisicho na rangi, na muweke taa za Kelvin 5000 zenye uwezo wa kuonyesha rangi wa 90 au zaidi. Kwenye tyubu za kawaida tafuteni namba 950 (yaani 90 na Kelvin 5000). Zinazouzwa sana ni 865, na hizo hazifai. Mezani kuwe na mwanga wa lux 2,000 mnapolinganisha na prufu.

Karatasi ya shehena mpya msiiamini kwa jina. Art paper mbili za gramu 150 zinaweza kutofautiana weupe, moja ikiwa na dawa ya kung'arisha inayoipa ubuluu. Pigeni karatasi chache kabla ya kuagiza rimu zote. Na mteja akija na namba ya Pantone (wino maalumu wa rangi moja) ya nembo ya shule, muulizeni ni ya C (karatasi iliyopakwa) au ya U (isiyopakwa). Wino ni ule ule, ila kwenye bond hauwezi kufanana na kwenye art. Picha za WhatsApp kataeni, waambieni watume kama hati. Maandishi madogo yawe nyeusi 100 peke yake.

Mabango ya uchaguzi wa 2027 yatakuja mapema. Njano na majenta za kawaida huliwa na jua upesi, sayani na nyeusi hubaki, ndiyo maana mabango ya zamani pale stendi yote yamekuwa buluu. Ulizeni muuza wino majenta na njano zinazostahimili jua, na muweke gharama yake kwenye bei tangu mwanzo.

Mtu akija huku, nipatie karatasi tatu za kazi ile: ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, pamoja na moja tupu ya kila rimu. Ziweke kwenye bahasha nyeusi, zisikunjwe. Nitazipima na kuwaandikia namba zake, tuone kuhama kwa rangi kulianzia wapi, kwenye sayani au kwenye maji.

Msalimie Mama sana, na Baba pia.

Ni mimi kaka yako