Kabla ya kununua kuku, tazama watakapokanyaga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wanaoanza kufuga kuku nyuma ya nyumba. Ushauri wanaopewa huwa ni wa mbegu, chakula na chanjo. Kuhusu kile ambacho kuku anakikanyaga usiku na mchana, husikii neno. Nimefuga kwa miaka 11, na hasara zangu kubwa zilianzia chini ya miguu yao.

Banda langu la kwanza lilikuwa na sakafu ya waya. Fundi alinihakikishia kwamba kinyesi kitapenya chenyewe, nami sitahangaika na ufagio. Kilipenya kweli. Baada ya miezi michache tetea wangu mkubwa akaanza kuchechemea. Nikampakata na kuugeuza mguu: katikati ya wayo palikuwa na kigaga cheusi, ukubwa wa punje ya mahindi, na pembeni pamevimba, pana joto. Waya ulimchubua, bakteria wakapata mlango, usaha ukagandia ndani. Hakupona sawasawa hadi mwisho. Waya ule niliung'oa, nikaulaza ardhini nje kuzunguka ukuta wa banda, upana wa sentimita 30 hivi. Hapo unafaa, kwa kuwa mnyama anayechimba hukwama.

Siku hizi nina zege. Huoshwa vizuri na panya hapenyi, ila lazima liwe na mwinamo, na lisiachwe tupu, maana kuku akiruka kutoka kichanjani huumia vilevile. Juu yake natandika maranda, kina cha sentimita 10 au zaidi. Narudia, maranda, si unga wa mbao: vifaranga huudonoa wakidhani ni chakula, na vumbi lake huwaziba pumzi. Muulize seremala kwanza kama mbao zilitiwa dawa. Nyasi zenye ukungu usiziingize kabisa, kwani ukungu huo huota mapafuni mwa kuku. Na karatasi za gazeti, Mhariri, nakuomba uniwie radhi, hazifai kwa vifaranga wachanga. Huteleza, miguu ikatanuka, na kifaranga asiyewahiwa mapema hatasimama tena.

Lakini kosa lililonitoa machozi halikuwa la kuchagua vibaya. Mvua ilinyesha usiku mbili mfululizo, maji yakaingia bandani. Nilikuwa na haraka, nikamwaga maranda makavu juu ya yale yaliyolowa. Juu palipendeza. Siku chache baadaye vifaranga walijikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu. Ilikuwa koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na vijidudu vya utumbo. Vijidudu vyake hutoka na kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza. Vikipata joto na unyevu, siku moja au mbili zinatosha kuvikomaza. Mimi nilikuwa nimevifunika blanketi. Kati ya vifaranga 20 nilizika 9.

Tangu hapo kila asubuhi nachukua matandazo kiganjani, hasa ya karibu na chombo cha maji, nakamata kwa nguvu kisha nafungua mkono. Yakisambaratika, salama. Yakibaki donge, natoa yote ya sehemu ile kwa koleo mpaka zege lionekane, ndipo naweka mapya. Halafu napiga magoti na kunusa pale kichwa cha kuku kilipo. Amonia, gesi yenye harufu kali, inatokana na kinyesi kilicholowa, na mtu aliyesimama anaweza asiisikie wakati kuku tayari inamuwasha macho. Wapo wanaomwaga chokaa juu wakidhani wamemaliza. Chokaa ya juu haitoshi kukausha yaliyolowa chini, na ile isiyozimwa kwa maji huwaunguza miguu.

Uwanja wa nje ni habari nyingine. Huko maranda huoza upesi, kwa hiyo nimeweka vipande vikubwa vya matawi yaliyokatwakatwa. Maji hupita katikati na kuku hupekua mpaka jioni. Mchanga wa mto wenye chembe kubwa nao unafaa. Ule laini hushikamana na kuwa tope.

Ombi langu kwako, Mhariri: ukurasa wenu wa ufugaji ukiandika tena juu ya vifaranga, waelezeni wasomaji jaribio hilo la kiganja kabla ya jina la dawa yoyote. Vifaranga wangu 9 walikuwa wamepata chanjo zao zote.

Wako,
Mfugaji wa nyuma ya nyumba