Malalamiko: barua pepe zilizoachwa nyuma mlipotuwekea Windows 11

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampala.

YAH: WINDOWS LIVE MAIL KWENYE KOMPYUTA 7 ZA OFISI YETU

Sisi ni mawakala wa forodha, na tunaandika kuhusu kazi ambayo mafundi wenu waliifanya Alhamisi na Ijumaa iliyopita, ya kutoa Windows 10 na kuweka Windows 11 kwenye kompyuta 5 za Kampala na 2 za kituo chetu cha Malaba. Windows 11 yenyewe imekaa vizuri na hatuna neno nayo. Tunalalamikia Windows Live Mail, programu ya barua pepe iliyokuwa kwenye kila kompyuta. Imeondolewa bila mtu kuulizwa, na barua zilizokuwa ndani yake hazikuhamishwa. Kwenye kompyuta 2 zimefutwa.

Kabla ya mengine, tunaomba diski ngumu mliyoitoa kwenye kompyuta ya mhasibu na kwenda nayo karakana isiguswe. Isifomatiwe, isifungwe kwenye mashine ya mteja mwingine, wala isitumiwe kuwashia kompyuta. Irudishwe kwetu kama ilivyo.

Wafanyakazi wetu walipouliza, fundi aliwapa majibu mawili: kwamba programu hiyo ni ya zamani na Windows 11 haiikubali, na kwamba barua zote ziko kwenye mtandao. Yote mawili si kweli.

Microsoft iliacha kuihudumia Live Mail tarehe 10 Januari 2017, na hilo tunalijua vizuri. Lakini programu kuachwa na mwenyewe si sawa na programu kukataliwa na mfumo. Ilikuwa ikifanya kazi kwenye Windows 10 hadi Jumatano jioni, na Windows 11 bado inaendesha programu za biti 32 kama hiyo. Kama fundi angeanzisha usakinishaji akiwa ndani ya Windows 10, kisha akachagua kubakiza mafaili na programu, Live Mail ingebaki mahali pake pamoja na akaunti, folda na kanuni za kupanga barua. Hata kompyuta ya mhasibu, iliyowekewa diski mpya ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka), njia yake ilikuwepo: kunakili diski ya zamani yote kwenda kwenye mpya, halafu kupandisha toleo. Ni kweli kwamba baada ya toleo kubwa programu hiyo huweza kugoma kufunguka. Hapo mtu huingia kwenye paneli ya udhibiti, akaitafuta Windows Essentials (kifurushi chenye Live Mail) na kuchagua kuikarabati. Ikibidi kuisakinisha upya, linahitajika faili kamili la usakinishaji, maana lile dogo linalovuta vipande kutoka intaneti siku hizi halipati cha kuvuta. Faili kamili tunalo ofisini. Lingetolewa kama lingeombwa.

Fundi wenu alichagua kuwasha kila kompyuta kwa flashi na kusakinisha upya. Njia hiyo ni halali, mradi data imetolewa kwanza.

Sasa hilo la mtandao. Akaunti zetu zilikuwa za POP3 (mpango wa kushusha barua kutoka seva hadi kwenye kompyuta), poti 995, na kile kisanduku cha kuacha nakala kwenye seva hakikuwa na tiki, kwa sababu nafasi tuliyokodi kwenye seva ni ndogo na nyaraka za mizigo ni nzito. Kwa mpango huo barua ikishuka kwenye kompyuta, seva huifuta. Barua tulizotuma ndizo kabisa: kwa POP3 nakala yake hukaa kwenye kompyuta iliyotuma, haipandi kwenye seva. Fundi alipofungua akaunti zilezile kwa IMAP (mpango wa kusoma barua zilizoko kwenye seva), alichokiona ni barua za siku ile tu. Sanduku lililokuwa na barua za miaka kuonyesha barua 11 kilikuwa kitu cha kumfanya asimame na kuuliza.

Barua zenyewe zilikuwa ndani ya kila kompyuta, kwenye folda ya mtumiaji: AppData, kisha Local, Microsoft, Windows Live Mail. Kila barua ni faili moja la aina ya .eml. AppData hufichwa na Windows, kwa hiyo anayenakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads peke yake, kama alivyofanya fundi wenu, haioni. Anwani za wateja nazo hazikai humo. Zina folda yao, Windows Live, kisha Contacts, palepale ndani ya Microsoft, na njia salama ni kuzitoa kama faili la CSV (orodha ya maandishi matupu) kabla ya kugusa chochote.

Kwenye kompyuta 4 sehemu ya C haikufomatiwa, hivyo mfumo wa zamani ulisukumwa kwenye folda ya Windows.old. Folda hiyo hujifuta yenyewe baada ya siku 10 hivi, na hakuna aliyetuambia kwamba ipo. Tumenakili kila kitu humo hadi diski ya nje, na barua za kompyuta hizo zimepona. Usumbufu uliobaki ni majina. Live Mail hukata jina refu la folda na kuongeza herufi na tarakimu tatu mwishoni, na folda zetu zilipewa majina kwa namba za kontena. Kurudisha kila moja kwenye namba yake ni kazi ya mkono, na tunaifanya sasa.

Kompyuta 2 za Malaba zilifomatiwa. Moja ina diski ngumu ya kuzunguka. Kwa hiyo bado kuna matumaini, kwa sababu kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili na si mafaili yenyewe, ingawa Windows 11 imeshaandika gigabaiti nyingi juu yake. Tumeizima, na haitawashwa tena mpaka mtaalamu wa kurejesha data aichukulie nakala kamili. Nyingine ina SSD. Windows inapofomati SSD huiambia diski kwamba nafasi yote ni tupu, nayo diski huisafisha ndani kwa ndani. Hapo hatutarajii kupata kitu. Tumeanza kuwaomba mawakala wa Mombasa watutumie upya walichonacho.

Barua hizi si salamu. Ni hati za shehena, ankara za wauzaji, idhini za kutoa mizigo bandarini na maelekezo ya wateja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa afisa wa forodha mamlaka ya kudai vitabu na kumbukumbu ndani ya miaka 5 tangu mzigo uingie. Afisa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, akidai idhini ya mteja ya miaka mitatu iliyopita, ilikuwa kwenye sanduku la Malaba.

Kuna jambo jingine. Mliweka Outlook mpya kwenye kompyuta zote. Programu hiyo, ukiiingizia akaunti isiyo ya Microsoft, hupitisha barua na kuhifadhi nakala kwenye seva za Microsoft. Barua zetu zina namba za mlipakodi (TIN) na nakala za pasipoti za wateja, na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatuwajibisha sisi. Uamuzi huo ulikuwa wetu kuufanya. Tumeziondoa akaunti humo.

Hatung'ang'anii Live Mail milele. Programu isiyopata marekebisho ya usalama ina mwisho wake, na tulikuwa tumepanga kuhamia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, hatua kwa hatua: kuingiza folda za .eml kwa nyongeza ya ImportExportTools NG, kulinganisha idadi ya barua folda kwa folda, na kuacha Live Mail ikisomeka kando mpaka hesabu zilingane. Watu wetu wa Malaba waliipenda Live Mail kwa sababu mtandao ukikatika, barua zote ziko mkononi. Ndiyo maana tulitaka ibaki.

Ankara yenu ina mstari wa "kuhamisha data ya mtumiaji" kwa kompyuta zote 7. Barua pepe ni data ya mtumiaji. Tunataka mstari huo uondolewe kwenye ankara, diski ya mhasibu ifike ofisini kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na gharama ya mtaalamu wa kurejesha data kwa kompyuta ya Malaba yenye diski ya kuzunguka mlipe ninyi. Pia tunataka maandishi yenye jina la fundi yakieleza ni folda zipi zilinakiliwa kwenye kila kompyuta, na ni diski zipi zilifomatiwa na saa ngapi, kwa sababu mtaalamu ataliuliza hilo kwanza. Mpaka tupate hayo, malipo yaliyobaki tumeyasimamisha.

Kitengo cha Kompyuta na Kumbukumbu,
Ofisi ya Uwakala wa Forodha, Kampala na Malaba.