Kumbukumbu si picha

Mhariri,

Wengi hudhani kumbukumbu ni kama picha: ukishaipiga, hubaki vilevile. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha kwamba sivyo. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini waisome, kisha waisimulie upya. Mitumbwi ikageuka mashua, uwindaji wa sili (mnyama wa baharini) ukawa uvuvi wa samaki, na mizimu, ambayo ndiyo kiini cha hadithi yenyewe, wengine wakaiacha kabisa. Wala hawakukusudia kudanganya. Walijaza mapengo na kuipanga upya hadithi kwa yale waliyolelewa nayo.

Hivyo nashangaa tunapomwita mtu wa utamaduni mwingine mwongo, eti simulizi yake haina mpangilio. Mpangilio wa nani: wake au wetu?

Msomaji wenu