Tulipigwa 20-0 bila kugusa mpira: harambee ya nauli ya timu yetu ya basketi, Amu (Lamu)

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, Waamu wote mlo nyumbani na mlo mbali, Mombasa, Nairobi, Oman, Saudia, Uingereza na kokote rizki ilikowapeleka. Na majirani zetu wasio Waislamu, habari zenu, wito huu ni wenu vilevile.

Tunaandika kwa haya kidogo. Tunajua mmechangishwa sana, kuna harusi, kuna matibabu, kuna paa la madrasa, na kila mkifungua simu kuna mtu amewatia kwenye kikundi kipya cha mchango bila hata kuwauliza. Na sisi ni wale wale wa mara ile. Lakini ligi inaanza, ratiba imeshatoka, na tukinyamaza tena mwaka huu basi timu imekufa, tusidanganyane.

Kwanza tuwaeleze ile 20-0, manake wengi mnaitaja barazani mkicheka na hamjui ilikuwaje.

Ilikuwa masika ya 2024, yale ya mafuriko. Tulikuwa na mechi Mombasa Jumapili saa nne asubuhi. Njia mnaijua wenyewe, boti mpaka Mokowe halafu basi, Hindi, Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, zaidi ya kilomita 300 na vizuizi vya askari njiani. Timu yenye pesa ingetoka Ijumaa, ingelala, ingeamka ikanyoosha miguu. Sisi kasha lilikuwa na pesa za kulala usiku mmoja tu, kwa hivo tukatoka Jumamosi, tukasema inshallah. Kufika Lango la Simba mto Tana ushavuka lami, barabara haionekani, magari yamepanga foleni na watu wanavushwa kwa boti, kana kwamba tumezunguka tukarudi Mokowe. Tulingoja mpaka magharibi ndio zamu yetu ikafika, vijana mabegi kichwani, viatu vya kuchezea wamevifunga kamba wakavitia shingoni visirowe, na upande wa pili gari tulilokuwa tumeambiwa litatungoja halipo. Tukalala Garsen kwenye baraza ya msikiti. Mwenyezi Mungu awalipe wale waumini walotuletea chai na mahamri alfajiri, tulikuwa watu 14, hawatujui kwa lolote na hawakutuuliza lolote. Matatu tulipata kwa mbinde, na tukaingia uwanjani Mombasa saa tano na dakika ishirini, wengine matope bado yako magotini.

Refa alikuwa ashasaini karatasi.

Sheria ya basketi iko wazi, ikifika dakika 15 baada ya saa ya mechi na huna wachezaji watano tayari uwanjani, umepoteza, na inaandikwa 20-0. Ushindi wa mezani. Refa hatumlaumu, alifanya kazi yake na hata alitupa pole. Kilichotuuma ni kitu ambacho wengi hamkijui: kwenye basketi ukishinda unapata pointi 2, na ukishindwa unapata pointi 1. Naam, upigwe hata kwa tofauti ya 50 unapewa pointi yako 1 kwa sababu umekuja ukacheza. Asiyefika ndiye anaandikiwa sufuri. Sio kama mpira wa miguu ambako alopigwa na asofika wote wanaambulia patupu.

Wale vijana wa Mombasa ni waungwana, walikuwa washavua viatu wakavivaa tena, wakasema haiwezekani mtoke Amu mje mrudi hamjagusa mpira. Tukacheza ya kirafiki, kota zote nne za dakika kumi kumi. Tulipigwa kwa pointi 9, watu hawajalala vizuri na tumboni wana mahamri ya alfajiri tu. Kocha mpaka leo akiikumbuka anatikisa kichwa, manake kipigo kile kile kingekuwa cha ligi tungerudi nyumbani na pointi 1.

Safari ilofuata hata hatukuondoka, kasha lilikuwa tupu. Sufuri nyingine. Na msimu wa 2025 tukaandika barua ya kujitoa, mweka hazina wetu aliiandika akaichana mara tatu kabla ya kuipeleka. Mwaka huo huo, tazameni mambo ya Mungu, ndio Nairobi City Thunder wakawa timu ya kwanza kutoka Kenya kuingia BAL, ile ligi ya kulipwa ya Afrika nzima iloanza 2021 kule Kigali, na vijana wetu waliitazama wamejikusanya kumi kwenye simu moja pale gatini, bando la kuchangiana, picha inakwama kila mtu akirusha. Kwa hivo mwaka ambao Mkenya amefika kwa wakubwa, sisi tulikuwa tumekaa kitako tukiangalia.

Kuna mzee mmoja alituuliza kwa mzaha, mbona hatusikii NBA, ile ligi ya kulipwa ya Marekani, wakifanya harambee? Tulicheka lakini swali lake lina jibu. Timu ya NBA msimu wa kawaida ina mechi 82, 41 nyumbani na 41 ugenini, mechi ikiisha usiku wanapanda ndege yao hao kwenda mji mwingine, na kawaida wanalala kwenye mji wa mechi usiku wa kuamkia mchezo. Hiyo ndio siri, sio urefu tu wa watu. Hata hapa Pwani, KPA, timu ya mamlaka ya bandari, wana nyumba yao pale Makande na bandari nzima nyuma yao. Mchezaji wa kulipwa hafikirii basi, anafikiria mechi. Sisi senta wetu ni mvuvi, gadi wetu mmoja ni mpagazi, mwingine anafunza madrasa, na wote wiki nzima kabla ya safari wanaulizana jambo moja tu, nauli imetimia?

Sasa msione kama tumekaa tukangoja kusaidiwa. Na msione pia kama tumesahau mlichofanya, manake kila kitu kwenye uwanja wetu kina mkono wa mtu. Ule ubao wa kugongea, mita 1.80 kwa 1.05 kama sheria inavyotaka, ulitengenezwa na fundi wa milango wa Langoni bila kuchukua shilingi, na akatuuliza tena kwa heshima kama tunataka autie nakshi pembezoni. Tulimwambia Allah amlipe, nakshi tutaweka tukichukua kombe. Wavu wa ringi umefumwa na wavuvi kwa uzi wa jarife, na hakuna wavu wa dukani Nairobi utakaodumu kama ule. Kina mama wa Mkomani waliuza viazi vya karai na bajia wiki mbili za Ramadhani wakatununulia jezi 12. Nahodha wa boti alituvusha Mokowe bure msimu mzima, akawa anakataa hata pesa ya mafuta mpaka tukamfichia chini ya kiti. Haya yote yameandikwa daftarini, jina kwa jina.

Kilichotushinda ni ringi yenyewe. Chumvi ya bahari imeila mpaka imekonda upande mmoja kama mwezi unaoandama, inatakiwa ikae mita 3.05 kutoka chini na yetu sa hizi ukiipima kushoto ni urefu mmoja na kulia ni mwingine. Vijana wamezoea kulenga kona ilopinda, halafu wakienda ugenini kwenye ringi nzima mipira inawapita. Kocha anasema tuna wafungaji bora duniani wa ringi mbovu.

Wazee wetu wengine wamekuwa na wasiwasi, na ni haki yao, kwamba mchezo huu unawatoa vijana kwenye ibada. Tunajibu kwa adabu. Mazoezi hayagusi wakati wa sala, Ramadhani tunafanya baada ya tarawehe, na anayekosa darsa pia anakosa mechi, hiyo sheria tuliiweka wenyewe na nyota wetu ameshakaa benchi kwa ajili yake. Na mkitaka mfano mkubwa zaidi, yuko Hakeem Olajuwon, Mnaigeria alochukua ubingwa wa NBA na Houston Rockets 1994 na 1995. Alikuwa akifunga Ramadhani na anaingia uwanjani na saumu yake, na Februari 1995 mwezi ulipoandama alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Akiweza yeye dakika zote zile mbele ya majitu ya Marekani, kijana wetu hawezi kukosa nafasi ya kusali laasiri. Na mabinti zetu nao wanauliza zamu yao itakuja lini, FIBA, shirikisho la basketi la dunia, tangu 2017 wameruhusu hijabu uwanjani kwa hivo kisingizio hicho hakipo tena, lakini hilo tukilianza leo tutachanganya mambo, tumalize la nauli kwanza.

Haya, pesa. Tuna safari sita za Mombasa msimu huu. Kila safari ni watu 15, wachezaji 12, kocha, msaidizi wake na mama mmoja muuguzi mstaafu anayekuja na dawa zake kwa hiari. Boti, basi kwenda na kurudi, kulala usiku mbili na chakula tumepiga hesabu shilingi 75,000 kwa safari, yaani 5,000 kwa kila mtu. Safari sita ni 450,000. Ringi mpya na kuichomea vizuri ni 30,000. Jumla 480,000. Mkononi tuna 112,000, nyingi zimetoka kwa wachezaji wenyewe, kwa hivo tunatafuta 368,000. Hiyo ya usiku mbili ndio kiini cha wito huu wote, tafadhali msiseme tunataka raha. Usiku wa kwanza ni wa kufika siku moja mapema ili hata njia ikatike, hata basi liharibike, tubaki na nafasi. Hayo matope ya Garsen yalitokana na usiku huo mmoja kukosekana.

Hatuombi posho, hatuombi viatu vya mamia ya dola, hatujaahidi kombe. Ukitoa 5,000 umempeleka kijana mmoja na kumrudisha. Ukitoa 500 umemlisha. Ukitoa 100 tutaipokea kwa mikono miwili na itaandikwa.

Hesabu: kila shilingi itaandikwa, risiti zitawekwa, na ripoti itasomwa kila mwisho wa mwezi baada ya sala ya Ijumaa. Pesa zinapokelewa na mweka hazina peke yake, namba yake ya M-Pesa imebandikwa kwenye mbao za matangazo na wanakamati wanayo. Mkitumiwa namba nyingine yoyote kwa jina la timu, huyo ni mwizi, msitume.

Sasa kuna neno moja linatuwia zito. Harambee ya mwisho watu walishika kipaza sauti wakaahidi, tukapiga makofi, tukapiga vigelegele, wengine wakapigwa picha. Baadhi ya ahadi hizo bado ziko daftarini zinatungoja. Majina hatutaji, wenyewe wanajijua, na dunia ni mapito, huenda mtu alipatwa na dhiki asiseme. Anayeweza sasa mlango uko wazi na hatutamuuliza alikuwa wapi. Lakini ukiwa uko vizuri, na pesa ya miraa ya jioni haikosekani, na ukipita ukimuona kijana anafanya mazoezi na viatu vimeshonwa kwa uzi wa jarife unamwambia kaza mwanangu, basi mwanao amekaza, imebaki wewe.

Na nyinyi ndugu zetu mlo nje, mnaotuma picha za Mkunguni na kuandika Amu nyumbani kila Maulidi ikifika, tunawapenda na tunawangoja. Mmoja wenu akichukua safari moja nzima, 75,000, tutaandika jina lake kwenye mgongo wa jezi za mazoezi. Akitaka jina la mamake tutaandika la mamake.

Harambee yenyewe itakuwa Jumamosi hii inayokuja baada ya laasiri, Mkunguni mbele ya Ngome. Kutakuwa na kahawa na halwa, kina mama wa Mkomani wamekubali tena, na vijana watakuwepo na jezi zao. Ile ringi ilolika tutaileta pia muione kwa macho, watoto watajaribu kufunga kwa shilingi 20 mipira mitatu, na atakayefunga mitatu yote ajue tumemuandika kwenye timu. Mwenye punda akipita siku hiyo tunamuomba azunguke kwa nyuma, mara ile mmoja alikula karatasi ya ahadi.

Mechi ya kwanza ni wiki tatu kutoka sasa, Jumapili. Tunataka kuvuka Mokowe Ijumaa na boti ya alfajiri.

Na kama kuna mtu ana viatu vya basketi namba 46 visivyotumika, hata viwe vya zamani, tafadhali avilete Mkunguni. Senta wetu anachezea vya kakake, ni 44.