Papi mpya nyumbani: usianze na kutoa mkono, na habari ya ukali iache kwanza

Sisi tunafundisha mbwa, na simu nyingi tunazopokea zinaanza na swali lile lile, "huyu mbwa wangu atakuwa mkali lini?", ukiuliza mbwa mwenyewe ana umri gani unaambiwa wiki 8, kaletwa juzi, yupo kwenye boksi jikoni analia usiku kucha. Mwingine yeye anataka papi afundishwe haraka kukaa, kulala chini na kutoa mkono ili wageni wakija Jumapili wafurahi. Sawa, atajifunza tu hayo yote, ila kwa kweli mpangilio ndo haujakaa vizuri.

Sisi tunaanza na yale ambayo yana muda wake na muda ukipita umepita. Kukaa mbwa anafundishika hata akiwa na miaka 5, unashika kipande cha maini juu ya pua yake, siku chache kashaelewa. Lakini kuzoea watu, kelele na kushikwashikwa mwili hiyo ina msimu, kuanzia kama wiki ya 3 mpaka wiki ya 14 hivi papi anapokea kitu kipya kirahisi, baada ya hapo kila kigeni anakianzia na wasiwasi. Sasa wewe umemchukua ana wiki 8, piga hesabu mwenyewe zimebaki wiki ngapi, halafu watu wengi hizo wiki mbwa anazimalizia kwenye banda nyuma ya nyumba, kafungiwa mchana kutwa eti asizoee watu. Akifika mwaka ana kilo 30 na anamrukia kila mtu, fundi bomba, mtoto wa jirani, mama mkwe, na mwenye mbwa anajisifu kuwa kapata mbwa mkali. Asee, huyo ni muoga. Mbwa muoga ndo anang'ata hovyo, na usiku akirushiwa jiwe anaingia uvunguni mwa gari.

Kwa hiyo la kwanza ni kumzoesha, na hapa Dar vitu vya kuzoea ndo vimejaa: bodaboda, honi za daladala, jenereta, mvua ya masika kwenye bati, adhana ya alfajiri, spika za kigodoro, mtu kavaa helmeti, mama kavaa buibui, mzee na mkongojo, watoto wametoka shule wanakimbizana. Unaanza kwa mbali, papi anaangalia, anapewa kipande cha dagaa (loweka kwanza chumvi itoke), mnasogea kidogo, anapewa tena. Ukiona mkia umeingia katikati ya miguu na dagaa hataki tena ujue umesogea mno, rudi nyuma, usimburute eti azoee kwa nguvu.

Na jirani sio lazima amshike. Majirani wengi ni Waislamu ambao hawapendi mate ya mbwa yawaguse, wengine wanaogopa mbwa toka utotoni, waache na amani yao. Unachotaka papi ajifunze ni kumuona mtu anapita na kubaki katulia, hiyo tena kwa mbwa wa nyumbani ina faida kuliko kurukia kila mtu kwa furaha.

Hapo sasa mtu anauliza, "si tunaambiwa papi asitoke mpaka amalize chanjo?" Ni kweli, parvo (ugonjwa wa mbwa wa kutapika na kuhara damu) haina utani, kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi na kinaweza kuua papi ndani ya siku chache. Chanjo zinaanza wiki ya 6 mpaka ya 8 na zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, kwa hiyo ukisubiri zote ziishe ndo umtoe, ule msimu wa kuzoea umeshafungwa. Mbebe. Mpakate barazani aangalie barabara, mpakie kwenye gari mkazunguke, nenda naye kwa rafiki ambaye mbwa wake wamechanjwa, ila usimshushe chini sehemu wanapopita mbwa wa mtaani. Chanjo ya kichaa cha mbwa anachomwa akifika miezi 3 na inarudiwa kwa tarehe utakayoandikiwa na daktari wa mifugo, hiyo usiahirishe hata kama mwezi umekuwa mgumu. Na mbwa yeyote ambaye hana uhakika wa chanjo akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo, msianze kupaka mafuta ya taa.

Kushikwa mwili kunaenda pamoja na hayo. Kila siku kidogo gusa masikio, fungua mdomo, shika kucha moja moja, pitisha mkono tumboni na katikati ya vidole, maana huko ndo kupe wanajificha na mji wetu huu utatoa kupe mpaka uchoke. Papi ambaye hajazoea leo anachekesha akijinyonganyonga, akikua inabidi watu watatu wamkandamize ndo daktari amchome sindano.

Meno nayo. Ana 28 ya utoto, membamba kama sindano, yanaanza kung'oka mwezi wa 4 na mpaka wa 7 ya ukubwani yameshajaa, katikati hapo atatafuna ndala, waya wa chaja, pindo la dera la mama. Aking'ata mkono mchezo unakufa hapo hapo, unageuka, unanyamaza, baada ya muda mfupi mnaendelea na unampa kitu chake cha kutafuna. Kumpiga na ndala kunamfundisha kuogopa mkono wako basi. Na jamani msinunue papi wa wiki 5 pale barabarani kwa sababu bei imeshuka, huyo kanyimwa muda wa kung'atana na ndugu zake ambao ndo wangemfundisha kupunguza nguvu ya taya.

Choo hakina maajabu, akiamka, akila, akimaliza kucheza, mtoe sehemu ile ile na msifie pale pale akimaliza. Papi wa miezi 3 mchana usitegemee abane zaidi ya masaa 3. Kumsugua pua kwenye mkojo ni kupoteza muda.

Kuja akiitwa tunaanza nako siku ya kwanza kabisa, kwa sababu geti likifunguliwa gari liingie na yeye akachomoka, kitakachomuokoa ni hicho tu. Neno liwe moja kwa nyumba nzima, sio baba "kam", dada "njoo huku", watoto wanapiga mluzi, likiandikwa kwenye friji ni vizuri. Na usimuite kuja kuchapwa wala kuja kuogeshwa, ukitaka kumuogesha mfuate alipo mwenyewe.

Ukali je? Kubweka mtu akigusa geti kunakuja kwenyewe kadiri anavyokomaa, hasa hawa Jemani Shepadi na Rottweiler, wala hakuna haja ya kumuudhi kwa fimbo. Mafunzo ya ulinzi sisi hatumpokei mbwa kabla ya mwaka, na tukimuona ana uoga tunakwambia wazi tukarudie kumzoesha, hela yako ya ulinzi baki nayo.

Tunakuja nyumbani kwako, na kwenye somo lazima wawepo dada wa kazi na mlinzi wa getini, kwa sababu wao ndo wanashinda na mbwa, bosi mwenyewe anarudi saa mbili usiku halafu anashangaa mbona mbwa anamsikiliza dada. Ukitutumia meseji tuandikie umri wake kwa wiki (sio "mdogo tu"), picha ya kadi ya chanjo, anapolala, na kuna watoto wa umri gani hapo ndani. Kama ameshapita miezi 5 tuma hivyo hivyo, tunaanza naye, ila itachukua muda mrefu na bei inapanda kidogo.